Raba Nilizokuficha

Mama yangu,

Leo nakwambia nililolinyamazia tangu mwaka 1990. Zile raba ulizozitafuta asubuhi ya harusi yangu, nyumba nzima hapo Nyakabanda, hadi nyuma ya gunia la maharagwe, nilizificha mimi. Niliona haya. Mama wa bibi harusi, vazi letu la umushanana, la hariri, begani, halafu chini raba za kuuzia vitenge! Nikakupa viatu vyangu vya mchuchumio, nikakubembeleza mpaka ukavaa.

Nawe baridi yabisi ilishakuingia magotini. Kila mtu alikuambia ukae, hukukaa. Ulipanda na kushuka Kigali nzima na vitenge kichwani, ukagundua mwenyewe kwamba kisigino kirefu kinawasha goti, na soli ya chini inayokunjika inalituliza. Mimi nilidhani ni ubahili wako tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ngoma ilipoanza, wakwe wakasimama, wakakungoja. Uliinua mikono kama pembe za ng'ombe, ukapiga hatua mbili, ukakaa. Kwetu mama asiyecheza amewakataa wakwe. Mama mkwe akanong'ona, "Huyu mama iko na kinyongo? Hataki sisi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ulimsikia, ukavua viatu, ukasimama peku.

"Oya, hapana, dada! Mimi siko na hasira na mutu. Hii viatu ndiyo iko inaniua goti!"

Ukacheza, mama. Ulicheza mpaka mama mkwe naye akavua vyake. Nilipiga makofi huku nalia, na siri ya raba nikabaki nayo.

Sasa ni 1993, umetutoka mwaka wa pili, na magoti yako nimeyarithi. Nafundisha darasa la kwanza, nasimama kutwa. Mume wangu, kwa mapenzi yake, ananiambia, "Sha, mpenzi, acha kazi, kaa ku nyumba, miguu ipumuzike." Mwalimu mkuu naye anataka walimu wa kike tuvae visigino, eti ndiyo heshima. Nilivivaa mwaka mzima, nikawa nashuka mlima nimeshikilia kuta za watu.

Mwezi uliopita nikanunua raba. Sikudanganyi, maumivu hayajaisha. Asubuhi za mvua bado nakunja uso. Lakini nashuka bila kushika ukuta, na jioni nabaki na nguvu ya kusonga ugali. Mwalimu mkuu aliitazama miguu yangu, akakohoa. Nikaendelea kuandika ubaoni. Mume wangu nimemjibu: kazi siachi, na kukaa sikai. Akacheka, akasema mimi ni wewe mtupu.

Nisamehe, mama. Nakukumbuka sana. Lakini huko uliko usinitarajie upesi: kesho nina mlima wa kupanda, na keshokutwa mwingine.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.