Tarehe za Kwenda Mar del Plata

Jumapili, 1 Novemba 2009

Naandika mapema maana nikingoja nitapasuka. Tunakwenda Mar del Plata! Ajentina huko, mji wa baharini. Kamil anasema watu wanajaa ufukweni mpaka mchanga wenyewe hauonekani.

Walikuja kula mchana, mwanangu Kamil na mkewe Rukhsana na binti yao Nida, toka Mississauga. Pilau ikaliwa. Kamil akafungua kompyuta. Kuna Muajentina kazini kwake Downsview, shangazi yake ana fleti huko, tupu, wiki mbili, dakika tano kwa miguu mpaka majini. Desemba kwao ni joto. Sisi hapa tutakuwa tunakwangua barafu kwenye vioo vya gari.

Na Mehrunissa akasema ndiyo. Mke wangu huyu! Miaka ishirini na saba tangu tuje toka Tanga, ukitoa ziyara ya Karbala, hajakubali safari hata moja. Florida alikataa. Niagara alikataa, kasema maji anayo bafuni. Leo kashika upawa, kaangalia picha ya yale mawimbi, kasema, "Haya, twende." Kamil akapaliwa na wali.

Rukhsana akauliza, na Muharram je? Siku zile kumi za msiba, mpaka Ashura yenyewe, mtu hachezi majini. Wote wakanigeukia mimi. Si ndiyo — miezi ya nyumba hii ninayo mimi. Wengine wanatazama kalenda, mimi naihesabu kichwani tangu sijaanza kuvaa viatu. Nikawaambia, Ashura ya mwaka huu tushaimaliza, Januari, nilikwenda msikitini na theluji mpaka magotini. Desemba ni tupu. Na kidole nikanyoosha juu kama shekhe. Kamil akakata tiketi papo hapo. Kwenda Jumamosi tarehe 19 Desemba, kurudi tarehe 3 Januari.

Jumatano, 4 Novemba

Nimenunua kaptula ya kuogelea. Novemba! Kijana wa dukani kanipeleka nyuma kabisa, zimebaki mbili. Moja nyeusi, moja ya minanasi. Nimechukua minanasi. Nataka Waajentina wanione toka mbali.

Kisha kahawa na rafiki yangu Hyderali pale mall, kwenye kiti chetu. Nimemweleza nilivyoogelea toka Raskazone mpaka kisiwa cha Toten na kurudi, papa ananifuata njia nzima, mwisho yeye ndiye aliyechoka. Hyderali akasema, "Mohamedalibhai, mwaka jana papa walikuwa wawili." Nikamwambia mmoja keshafariki, ni zamani hiyo.

Jumamosi, 14 Novemba

Cherehani inaunguruma toka asubuhi. Mehrunissa kajishonea gauni la baharini. Refu mpaka miguuni, mikono mpaka kwenye vidole, na kofia yake pana. Nida kamwambia kwa simu, kwa Kizungu chake, kwamba Ma atawashinda wote kwa staili. Mimi nimemwambia watu watadhani hema limepeperuka na upepo. Akacheka.

Halafu, anakata uzi, hakuniangalia. Kasema mara ya mwisho kuingia baharini alikuwa bibi harusi wa wiki mbili, mwaka sitini na sita. "Baba Kamil, utanishika mkono lakini? Goti hili." Nikasema nitakubeba. Akasema beba kwanza hizo taka mpaka chini. Nimezibeba, ghorofa kumi na mbili, kwa ngazi. Haya, kwa lifti. Lakini niliimba.

Alhamisi, 19 Novemba

Mambo yameharibika.

Msikitini leo nilikwenda peke yangu, Mehrunissa goti linamsumbua. Baada ya mawaidha ya majlis katibu kashika maikrofoni. Wanaojitolea kwa Muharram waandike majina, mwezi unatarajiwa, siku ya kwanza ni Ijumaa tarehe 18 Desemba. Nikasema moyoni, huyu kijana kachanganyikiwa. Nikahesabu kwa vidole. Vya mikono vikaisha, karibu nivue soksi. Mwaka wa mwezi unarudi nyuma siku kumi na moja. Ashura ilikuwa tarehe saba Januari. Rudi nyuma siku kumi na moja — ishirini na saba Desemba. Mwaka mmoja, Ashura mbili! Moja mwanzo, moja mwisho. Na mimi nimeipeleka familia mchangani na minanasi.

Siku ya Ashura Mehrunissa ndiye mkubwa wa sufuria za wali upande wa wanawake. Mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hakuna anayegusa chumvi kabla yake. Akijua, haendi. Na akishakataa hii hatasema ndiyo tena. Namjua.

Nimefika nyumbani kaniuliza, wametangaza nini? Nikasema maegesho. Watu wanaegesha vibaya.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimemwambia Hyderali. Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua ni kubwa.

Kamil nimempigia toka bafuni, bomba wazi. Akasema, "Bapa, si ulisema..." Najua nilichosema. Tiketi zinabadilika, kasema. Tusogeze mpaka likizo ya shule ya Machi, Muharram na Safar zitakuwa zimekwisha, fleti nayo ipo. Atapiga simu shirika la ndege Jumanne, saa yake ya kula. "Ila Ma utamwambia wewe."

Jumapili, 22 Novemba

Sijamwambia.

Jumatatu, 23 Novemba

Sijamwambia. Kaanza kupanga sanduku, mwezi mzima kabla! Kaptula yangu kaikunja kaiweka juu kabisa.

Jumanne, 24 Novemba

Nimemwambia. Alikuwa anachagua mchele mezani. Nikasema, Mama Kamil, kuna neno.

"La maegesho?"

Nazira, yule anayepanga zamu za jikoni msikitini, alimpigia Ijumaa asubuhi kuuliza mwaka huu sufuria ngapi. Siku nne anajua! Siku nne ananitazama ninavyojikuna. "Nilitaka nione utafika wapi," kasema.

Nikamwomba msamaha. Nikaanza kusema Machi. Hakuningoja. Kashamwambia Nazira upawa ashike mwingine, hata kipimo cha chumvi kampa kwa simu. "Mpaka siku ya kumi tutakaa ndani huko huko. Nguo nyeusi nishatia sandukuni. Majlis tutasikiliza kwenye kompyuta ya Kamil. Ashura ni Jumapili. Jumatatu, tarehe ishirini na nane, nitaingia majini na wewe utanishika."

Nikamwuliza, watu watasemaje?

"Watasema. Miaka yote hiyo nimesimama jikoni na goti hili, Baba Kamil. Majlis ya Ashura sijawahi kuisikia mpaka mwisho. Naisikia vipande, na mvuke. Mwaka huu nitakaa chini nilie kama watu." Akapuliza makapi. "Na Machi usinitajie. Sasa hivi nimesema ndiyo. Huyo Mama Kamil wa Machi simjui atasemaje."

La Kamil, kwamba leo hii anazibadilisha tiketi, sikuweza kulitoa mdomoni.

Saa sita na robo. Kamil anakula saa sita. Naandika huku simu iko sikioni. Bize. Nimekata, nimepiga tena. Bize. Mehrunissa yuko mbele ya kioo cha sebuleni, kavaa gauni la baharini juu ya sweta, na kofia, anajigeuza. Anauliza nampigia nani muda wote huo. Nimesema Hyderali. Kasema nimsalimie, nimwambie tunaondoka tarehe kumi na tisa.

Bize bado.