Chaki ya Babu kwenye Matairi ya Nyuma

Kuhmo, 4 Desemba

Mpendwa Shangazi Rauha wa gazetini, naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote bila kuficha, hata yatakayonitia aibu, kwa kuwa wewe ndiye mtu mzima wa kwanza kuyasikia.

Nina miaka kumi na saba na leseni yangu ina miezi miwili, lakini kuendesha nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na miwili, na babu yangu Taisto, juu ya barafu ya ziwa lililo nyuma ya nyumba yetu, kwa kigari chake cha kijani ambacho mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba, na hadi leo nakumbuka harufu ya kahawa kwenye chupa yake na mikate ya iliki aliyoitia ndani ya soksi ya sufu isipoe, na jinsi alivyocheka kila gari lilipozunguka kama pia.

"Achia breki, we binti! Tazama unakotaka kwenda, siyo unakoogopa!"

"Babu, nyuma kunaniponyoka!"

"Umejuaje?"

"Nimehisi kwenye kiti."

"Basi umeshajua kuendesha. Mtambo wa gari hili ni makalio yako." (Samahani Shangazi, ndivyo anavyosema.)

Kigari kile kilishauzwa chuma chakavu. Agosti daktari alimwambia babu macho yake hayafai tena barabarani, naye akarudisha leseni, na sasa kilichobaki kwake ni siku moja ya mwaka, siku ya kufunga matairi ya baridi, yale yenye misumari ya kushika barafu, kwenye gari dogo la mama, ambapo mimi na yeye tunayashusha kutoka darini ghalani na kusoma alichoandika kwa chaki, mbele kushoto, nyuma kulia, kama tulivyofanya tangu kazi yangu ilipokuwa kushika nati kwenye kofia tu.

Mwaka huu mama alichungulia dirishani. "Baba, si tupeleke gereji tu?"

"Gereji? Wakaze nati kwa mashine, halafu ukipata pancha uzifungue kwa meno?"

Mama akacheka, akafunga dirisha. Babu akanielekeza kama siku zote: mawili mazuri mbele, "injini iko mbele, kazi iko mbele," na yaliyochoka nyuma. Nikayafunga.

Jumatatu, nikienda shule, kwenye kona ya daraja, nyuma ya gari ikaniponyoka, nikaihisi kwenye kiti kama zamani, lakini kabla sijageuza usukani ikawaka ile taa ya njano yenye picha ya gari linaloserereka, mtambo wa kuzuia gari lisiteleze ukazikamata breki wenyewe gurudumu mojamoja, gari likanyooka karibu kabisa na mtaro. Nilipofika shule nilichuchumaa kuyatazama matairi ya nyuma: misumari mingi imeng'oka, mpira ni mgumu kama mfupa, na namba ya pembeni inaonyesha yalitengenezwa mwaka 2012. Chini ya theluji chaki ya babu bado ilisomeka, na herufi zilikuwa zimepinda, kitu ambacho ghalani sikukiona.

Nikimwambia mama, mwakani gari litakwenda gereji na babu atabaki dirishani. Nikinyamaza, Jumapili mama anampeleka kanisani kwa barabara ileile, na huenda mtambo ukatosha, maana mimi ulinitosha. Je, Shangazi, nikiutegemea mtambo huo na kunyamaza hadi theluji iyeyuke, nitakuwa nimemlinda babu au nimemsaliti? Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza.

Iiris

*

Iiris mwanangu,

Jibu hili nimelitia posta siku ileile niliyopata barua yako. Gazetini linachapwa kwa ajili ya wengine wenye matairi mazee darini.

Ufunguo wa gari utundike leo. Usiendeshe wewe, wala mama yako. Niliposoma "huenda mtambo ukatosha" niliweka kikombe chini. Mtambo unajua kukamata breki, haujui kuotesha misumari. Unategemea matairi hayohayo, na yakikosa cha kushika, taa itakuwakia vizuri tu mpaka mtaroni. Na matairi mazuri hukaa nyuma, hata injini ikivuta mbele: mbele ikiteleza, usukani unakuambia, nyuma ikitoka, unajua ukiwa umeshageuka. Babu yako alifundishwa kinyume, na baba yangu pia. Nunueni manne, mapya, ya aina moja.

Sasa babu. Unamshika kama yai, na hilo ndilo litakalomuumiza. Aliyekaa na mtoto juu ya barafu akicheka gari likizunguka, hatavunjika kusikia kwamba gari limetaka kuzunguka. Mwambie yeye kwanza, leo, kwa maneno yaleyale ya ziwani. Atakuuliza umejuaje. Mjibu. Kisha msomee ile namba, maana yeye haioni, halafu mwende wote wawili kwa mama.

Gereji iyavishe matairi mapya kwenye rimu, basi. Kuyafunga, yafungeni uani: wewe na spana, yeye na chaki. Herufi zikipinda, ziache zipinde.

Shangazi Rauha