Baba Anangoja Uitike

Mbwawa,
kwa njia ya Soga Stesheni.
9 Juni, 1956.

Mpendwa dada yangu Mwanamkuu binti Pazi,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tanga, goti lako limepoa, na shemeji Salehe bado ana nguvu za kugombana na majirani. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mke wangu Tatu naye mzima, ila anasema nimekonda. Muongo.

Usidhani nimeandikiwa na mtu. Hii ni kalamu yangu mwenyewe. Mbwawa nzima wazee wa rika langu wanaoshika kalamu tuko wawili, na huyo mwenzangu herufi zake hazisomi mtu.

Mpunga mwaka huu umekubali. Mihogo ya bondeni wameila nguruwe.

Sasa habari yenyewe. Kisarawe, kule misheni, yuko mwalimu anaitwa Andrew, kijana mwenye adabu ingawa si wa dini yetu. Anakusanya historia ya koo za huku, nani kazaliwa na nani, nani kahamia wapi, na ana chumba kimejaa vitu vya tangu Mjerumani. Akatuma salamu kuwa anatafuta wazee wanaojua. Dada, angemtafuta nani mwingine? Nikavaa kanzu ya Idi, nikapanda vilima mpaka kwake.

Nikamtajia ukoo wetu: Pazi wa Kibwana, Kibwana wa Mwinyijuma. Akanitazama sana. Akasema, "Mzee, Pazi ninaye mmoja humu ndani."

Nikamwambia, "Baba yangu alikwenda kutandika reli, akapita Soga na wenzake, hatukumwona tena. Humu mwako kaingiaje?"

Unalikumbuka sanduku la yule Mzungu, lenye pembe iliyofunuka kama ua la boga, lililokuja nyumbani kunasa sauti za wazee? Watu walisema linakula sauti, ukisema mbele yake unabaki bubu. Dada, sauti zile zipo. Zimechorwa kwenye kopo la nta. Mwalimu akalivika kwenye sanduku, sindano ikapita juu yake, na baba akasema.

Kwanza mkwaruzo kama mtu anapepeta mchele, halafu kile kikohozi chake, halafu: "Mimi Pazi wa Mwinyijuma, Mwinyijuma wa Kibwana." Nikamwambia pale pale, "Hapana baba, umegeuza!" Mwalimu akacheka. Mimi nasema sanduku lilimbabaisha, maana majina hayo mji mzima wameyajua kwangu na sijakosea hata siku moja.

Nyuma yake kuna kitu kinalia. Mwalimu akaniuliza, "Mzee Isihaka, mtoto huyu nani?"

"Huyo mbuzi."

"Mbuzi anaita mama?"

"Mbuzi wetu walikuwa wajanja, mwalimu. Wewe sikiliza."

Kisha baba akaita. Hakuniita mimi, jina langu hakulitaja popote. Akaita, "Mwanamkuu! We Mwanamkuu! Njoo useme jina lako!" Vile vile alivyokuwa akituita kutoka bondeni. Kimya. Akaita tena. Kimya, mkwaruzo tu. Wewe ulikuwa nyuma ya jiko, umejiziba mdomo kwa mikono miwili, mimi nilikuona. Halafu akamwambia yule Mzungu, taratibu, "Atakuja. Mngojeni." Nta ikaishia hapo.

Mwalimu akasema kila sindano ikipita inakwangua kidogo, na hapo alipokuita pamelika sana. Pakipigwa tena huenda hapatabaki kitu. Nikaweka mkono juu ya sanduku. Nikamwambia asiliguse mpaka dada yangu aje. Akasema wapo wakubwa wanataka kusikia. Nikamwambia, "Hao wakubwa, Pazi ni baba yao?" Sikuondoka mpaka alipolifungia kabatini na kunipa neno lake.

Unanijua mimi si mwoga. Lakini tangu nirudi, jua likisimama na watu wamelala mchana, nasikia mkwaruzo ule nyuma ya nyumba, kisha anaita. Tatu anasema ni jirani anaita watoto wake. Jirani gani ana kikohozi cha baba? Mara nyingine nimetoka uani nikaitika, "Naam baba!" Ananyamaza kidogo, kama mtu aliyejibiwa na asiye wake, kisha analirudia lile jina lako. Mimi hanitaki, dada.

Hitima yake hatujasoma mpaka leo. Wewe ndiye mkubwa na ulikataa, ukasema mtu ambaye hatukumzika hasomewi. Sikubishana nawe, na wajua mimi nabishana na kila mtu. Sasa nakuomba. Njoo umwitikie mara moja, nta isikie, kisha tumsomee apumzike. Nami nipumzike.

Nisalimie shemeji Salehe na binti yako Mwamini, mwambie mjomba wake bado anapanda vilima bila fimbo. Mungu akutie nguvu za safari, akulinde njia nzima.

Ukishuka Soga, njoo moja kwa moja. Usibishe hodi. Ukiufikia uwanja wetu sema jina lako kwa sauti, ili tuliomo humu sote tujue kuwa umekuja.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mapenzi nawe tangu jikoni kwa mama,
Isihaka bin Pazi