Sauti Chini ya Kwaya

Jumanne, 2 Machi 1999

Asubuhi nimeshinda kazini studio, nikisafisha na kunakili kanda za harusi za watu. Mchana nikatoa yangu kwenye mkoba. Mazishi ya Egesa, mume wangu. Imekaa kabatini miaka miwili na sijawahi kuitazama. Ukungu mweupe umeishika pembeni. Nimefungua kasha, nikapangusa utepe kwa spiriti na kitambaa laini, nikauhamishia kwenye kasha jipya. Wandera, mwenye studio, ananiruhusu kutumia kompyuta yake wateja wakiisha. Anasema tuihamishe kwenye CD upesi, maana kila ikichezwa inazidi kuliwa.

Wiki ijayo ukoo unakaa Busibwabo kuhusu ploti ya Burumba ninamoishi. Siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya mazishi, shemeji Ouma alisimama mbele ya watu wote akasema ploti ni yangu na watoto. Wandera alikuwa anarekodi. Sasa Ouma anasema hakusema. Na waliokuwepo wamesahau wote. Kila mmoja ana kijana anayepata kibarua kwa Ouma kule kwenye maegesho ya malori. Waoga.

Alhamisi, 4 Machi

Picha inaruka upande wa chini. Nimesafisha vichwa vya deki mara mbili, ikatulia. Halafu mngurumo kwenye sauti. Nimebadilisha waya, bado. Mwishowe nimechomeka deki na kompyuta kwenye soketi moja, mngurumo ukakoma. Nikajiona fundi.

Kumbe bado. Jeneza linatoka, kwaya inaimba. Kaburi linafukiwa, kwaya inaimba. Nikasema ni mwanzo tu. Nikapeleka mbele mpaka kwenye kunyoa. Ouma amesimama, mkono juu, mdomo unakwenda. Kwaya.

Nimeshinda nikichomoa na kuchomeka. Hakuna.

Ijumaa, 5 Machi

Si waya. Si deki. Ni Wandera mwenyewe. Anasema kila mazishi anayorekodi huondoa vilio na kuweka nyimbo, ndivyo wateja wanavyopenda. "Dada, nani atakaa sebuleni asikilize watu wakilia? Nilikupambia tu."

Amenipambia. Nimemchukia leo na nimemwambia hivyo. Akaninunulia soda. Sikuinywa.

Jioni nimemwambia mama mkwe kwamba sauti imepotea. Akasema, "Mungu atakutetea, mwanangu." Anaishi nami tangu mazishi. Ouma alitaka kumchukua, akakataa katakata. Macho yake yamefifia, mimi ndiye humkata kucha na kumpeleka msalani. Kuhusu siku ile anasema alikuwa analia, hakusikia neno. Namwamini. Katika ukoo ule wote ni yeye tu aliye upande wangu.

Jumatatu, 8 Machi

Wandera amekuja na habari, uso wa mtu anayeomba msamaha bila kuutamka. Kamera aliyotumia siku zile ilikuwa inaandika sauti mara mbili: moja ukingoni mwa utepe, nyingine chini ya picha yenyewe. Kwaya aliiweka ukingoni tu. Ile ya chini huenda ipo. Deki yetu haiwezi kuisoma. Kuna baa moja Malaba wana deki inayoweza, huitumia kuwaonyesha madereva wa malori filamu. Nimemwambia aende leo leo. Ameenda.

Jumatano, 10 Machi

Deki ya Malaba imefika, inanuka sigara. Mara ya kwanza ilitoa mkwaruzo mtupu. Nikajua ni trakingi, ile nobu ya kulinganisha utepe na vichwa. Nikaizungusha mpaka picha ikawa safi, mkwaruzo ukazidi. Basi nikaacha kutazama. Nikafumba macho, nikazungusha kwa sikio. Picha ikaharibika kidogo, mistari juu, na ghafla watu wakaanza kulia. Kilio chenyewe. Nilisikia hata sauti yangu.

Kompyuta nayo ikasumbua. Sauti inatangulia, mdomo unafuata. Inazidiwa, inarusha picha njiani. Nimeihamisha vipande vifupi vifupi, ikakaa sawa.

Na Ouma yupo. "Ploti ya Burumba ni ya mama watoto. Asiguswe na mtu." Wazi kabisa. Nimelia kwa furaha, nikanywa soda ya Wandera.

Alhamisi, 11 Machi

Leo nimevaa vifaa vya masikioni ili nihakikishe mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Heri nisingevaa.

Maikrofoni ya kamera hushika kwanza aliye karibu nayo. Karibu nayo, kwenye mkeka, walikuwa wamekaa mama mkwe na mke wa Ouma. Ouma bado anazungumza. Mama mkwe anamwambia mwenzake chini chini, kwa lugha ya nyumbani: "Mwache amwambie hivyo, watu wapo. Wakitawanyika tutamtoa polepole. Mimi nitakaa kwake, nimwangalie."

Nimerudia mpaka Wandera akanivua vile vifaa. Anasema anaweza kuyaondoa maneno yale. Nimekataa. Tukikata hata kidogo, Ouma atasema sauti yote imetengenezwa na kompyuta. Iende kama ilivyo.

Nilipofika nyumbani mama mkwe aliniuliza kama nimechoka. Nilisema ndiyo.

Jumamosi, 13 Machi

Busibwabo. Wandera alibeba jenereta, televisheni na mashine ya CD. Ouma akasema, "Hiyo ni sinema." Mzee wa ukoo akamwambia akae.

Walimsikia Ouma. Nikamwomba Wandera aongeze sauti, wakamsikia na mama yake. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Ouma alitazama viatu vyake. Mzee akasema ploti ni yangu na mambo yamekwisha, halafu wakaletewa chai. Hakuna aliyenipa mkono. Wananiona mimi ndiye niliyewaaibisha.

Wakati wa kuondoka mzee aliuliza mama atakwenda na nani. Ouma akasema kwake hakuna nafasi kwa sasa. Mkewe akaanza kukusanya vikombe. Mama alikuwa amesimama uani peke yake, anapapasa hewa, anatafuta ukuta. Nimewachukia wote, naye nimemchukia. Nikaenda nikamshika mkono.

Jumapili, 14 Machi

Sikwenda kanisani. Mvua kidogo. Nimepika uji.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mfuko wake umefungwa tayari, uko karibu na miguu yake. Hakuna aliyemfukuza. Nimeupoza uji anavyopenda, nikampelekea. Aliponyoosha mkono alishika wangu badala ya kikombe, akaung'ang'ania.

Nikautoa. Nikamwekea kikombe mkononi.