Mke Wangu Ameiondoa Biashara Sebuleni Kwangu

Mpendwa mshauri, mwangaluka, nakusalimu kwa Kisukuma, naomba msaada wako maana nimeshaongea na marafiki zangu wote wa kijiweni na kila mmoja ananiangalia kisha anabadilisha mazungumzo. Mimi ni mwanaume wa hapa Bariadi mjini, msimu wa pamba ukifunguliwa huwa karani wa kupima pamba kule Dutwa na msimu ukifungwa huwa napumzika, kwa sababu kazi ya mizani inachosha macho, na mke wangu Klementina ni fundi cherehani ambaye alianzia pale pale sebuleni kwangu wakati mwanetu Masunga bado ananyonya, mtoto kalala kwenye kapu la vitambaa, uji unachemka jikoni, na yeye anakunja pindo bila kulipa kodi ya fremu wala nauli ya kwenda popote. Sitaki kuwa mtu asiye na shukrani, biashara ile imetuvutia umeme, imembadilishia Masunga shule, imeezeka nyumba upya, mpaka majirani wakaanza kunisalimia kwa jina la ukoo.

Sasa mshauri, biashara ikiwa ndani ya nyumba yako utaachaje kuisimamia, nami nikaweka kiti changu cha kuegemea katikati ya cherehani na televisheni, wateja wakiingia nawapokea mimi, na mama akija kupimwa nampa ushauri wa bure, kama ni mnene namwambia mtindo huo utamtoa tumbo, kama ni mwembamba namwambia anenepe kwanza ndipo ashone, na akiomba apunguziwe bei nampunguzia hapo hapo nisimsumbue Klementina, maana yeye anakuwa na pini mdomoni hawezi kuongea. Baadaye wateja wakawa wanasimama nje na kuuliza kama Baba Masunga yupo, wakisikia nipo wanasema watarudi siku nyingine, nikajua hiyo ni heshima. Nikachongesha na muhuri ulioandikwa MKURUGENZI, na blauzi nyeupe za akina mama wa kwaya zilipokamilika nikazigonga kwenye kola ili zisipotee, wino ukakataa kutoka, wakaimba misa ya Jumapili wamejifunga skafu shingoni kwenye joto lile, na Klementina akaniomba kwa upole nisiguse tena kitu cha mteja.

Nilitii, isipokuwa mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo iliyoleta balaa. Dada yangu Milembe alitoka Ipililo akipitia kwangu kwenda kwenye harusi kule Nyashimo, Klementina alikuwa ameenda kununua nyuzi, na ukutani lilikuwa limetundikwa gauni la sendofu la binti mmoja anaitwa Elina, la rangi ya dhahabu, limeshakamilika. Milembe alilitazama akasema kwa maisha yake yote hajawahi kuvaa kitu cha namna ile, na sisi Wasukuma ilumbu wako akikuambia hivyo, dada uliyezaliwa naye tumbo moja, unafanyaje, nikamwambia chukua, wifi yako hana neno, ulirudishe Jumatatu. Likarudi Jumatatu kweli kama tulivyokubaliana, ila lina mchuzi kifuani na zipu imeachia, kwa sababu Milembe ni mkubwa kidogo kuliko Elina, na kabla halijarudi mtu alikuwa ameshaweka picha za harusi ile kwenye simu, Elina akaliona gauni lake likicheza muziki Nyashimo.

Alikuja na mama yake. Hakugomba, alikaa akalia tu, na mama yake ndiye aliyesema, "Mwanangu alikuwa avae hili siku moja tu katika maisha yake, nanyi mmeshamvalia." Nikawaeleza kwa utaratibu kwamba nyumba hii niliijenga mimi kabla sijaoa, na kilichotundikwa kwenye ukuta wangu kiko chini ya mamlaka yangu, lakini hawakunielewa. Klementina alinunua kitambaa kingine kwa fedha yake, akaweka kando kazi zote, akashona upya, na sendofu ikapita salama, kwa hiyo mimi nikaona jambo limekwisha.

Wiki haikupita, nikarudi kutoka kijiweni nikakuta guta mlangoni, cherehani imepakiwa, kioo kimepakiwa, amekwenda kupanga fremu karibu na soko. Nikaomba ufunguo wa akiba kama mwenye mali, akasema, "Baba Masunga, hapa ni nyumbani, karibu tule. Kule ni kazini." Sasa nasikia wateja wamejaa huko, ameajiri wasichana wawili, wale wale waliokuwa wakisema watarudi siku nyingine wamerudi kweli lakini kwake, na mimi sebule imenyamaza mpaka nasikia friji ikiunguruma. Naomba uniambie, niite wazee wa ukoo wamwamuru arudishe biashara, au niende ofisi ya kata wamfungie mpaka anitambue?

Ni mimi, Mkurugenzi (jina langu la kweli, Jilala, usilitaje).

*

Jilala, mwangaluka na wewe.

Jina nimelitaja. Mtu anayegawa gauni la bibi harusi mtarajiwa bila kumuuliza mwenyewe hawezi kudai siri kwangu, na mji mzima wa Bariadi umeshakujua kwa zile skafu.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipofanya kazi. Nimekuta umekaa, umepokea, umeshauri, umepunguza bei isiyokuwa yako na umegonga muhuri. Mwenzako muda huo alikuwa anashona, ananyonyesha na anaangalia uji usimwagike, tena na pini mdomoni, na wewe ukaona hizo pini ni ruhusa ya kumsemea. Halafu unaniambia macho yamechoka kwa mizani.

Ninyi wenye wenzi wanaofanya kazi nyumbani mnajidanganya kwamba biashara ikiwa sebuleni ni sehemu ya samani. Kwa kuwa mama yuko hapo hapo, basi ndugu atashonewa bure, jirani atagonga wakati wa chakula, na mume atageuka bosi kwa sababu tu kiti chake kiko karibu. Kufanyia kazi nyumbani kuna raha yake, na Klementina aliipata: alimlea mtoto wake kwa macho yake, kodi ya fremu ikawa bati la nyumba yenu. Raha hiyo aliiacha mwenyewe. Amekubali kulipa kodi na kutembea kila asubuhi ili mteja aweze kupimwa kiuno bila mwanaume kutoa maoni. Hebu kaa na hilo kidogo. Wewe ulikuwa ghali kuliko fremu ya sokoni.

Kuhusu gauni, usiniletee mambo ya ilumbu. Nami ni Msukuma, nina kaka, na sijawahi kumwomba nguo ya mtu mwingine. Kama ulimwonea huruma Milembe, ungemshonesha gauni lake. Ukuta ni wako, sikatai. Gauni lilikuwa la Elina. Hata mbuzi wa jirani akiingia uani kwako humchinji kwa sababu fensi umejenga wewe.

Sitakucheka kwa kila kitu. Sebule iliyojaa watu kutwa ikinyamaza ghafla inauma, na naamini ulizizoea zile salamu kuliko fedha yenyewe. Unajiona umeachwa. Lakini upweke hautibiwi kwa kumfungia mtu duka. Wazee wa ukoo waache wapumzike. Wakiita kikao, Klementina atawasimulia habari ya Nyashimo, na nakuhakikishia hutaipenda namna watakavyokohoa. Ofisi ya kata nako usiende, watakuuliza biashara ni ya nani na utalazimika kujibu.

Sasa fanya hivi. Huo muhuri utupe chooni, usiuweke akiba. Tafuta kazi ya miezi ambayo pamba haipo. Bariadi ina mashine za kukoboa na malori ya mpunga yanayotafuta karani anayejua kusoma mizani, na macho yako yatazoea. Jioni Klementina akirudi akute chakula kimeiva, na usimuulize leo wameingia wateja wangapi. Kule fremuni usikanyage mpaka akualike mwenyewe, na akikualika ubaki upande wa mlangoni. Ufunguo usiuombe tena.

Na kabla ya yote hayo, kesho asubuhi mwite Milembe kutoka Ipililo, mwende pamoja kwa akina Elina. Binti sasa atakuwa ameshaolewa, kwa hiyo mtamkuta mama yake, na ni vizuri, maana yeye ndiye aliyesema. Usimweleze nani alijenga nyumba. Mwambie, "Mama, tulikosa, tusamehe," kisha aga uondoke, kabla hujaanza kumshauri chochote kuhusu nguo aliyovaa.

Shangazi Mektilda