Ini Upande wa Kushoto

Jumatatu, 13 Mei

Leo wamemcheka Wakili. Darasa zima! Mimi nilikuwa chumba cha breli nagombana na mashine — imekwama tena, na fundi wake ni mimi mwenyewe — nikasikia kicheko kimelipuka maabara. Kicheko cha kumcheka mtu hakijifichi, hata kikipita ukutani.

Wakili ni binti yangu wa kidato cha tatu. Binti yangu kwa maana ya shule, kwa sababu nyumbani nimejaaliwa wa kiume tupu. Haoni tangu utotoni. Jina hilo alipewa na wenzake: anabishana na kila mtu, na kengele ikilia anabishana na kengele.

Mwalimu wa baiolojia kanisimulia mwenyewe wakati wa chai. Alimwambia aonyeshe mwilini mwake ini liko upande gani. Wakili akaweka mkono chini ya mbavu za kushoto. Akamrekebisha. Wakili akakataa. Akasema amelishika kwenye mchoro, na vidole vyake havijawahi kumdanganya. Mwalimu akamjibu, "Basi leo vimekudanganya." Hapo ndipo walipocheka.

Nilimvaa! Nikamwambia wiki iliyopita mmoja wa hao wenye macho yao mawili alichora figo shingoni, mbona yeye hakuchekwa? Akakoroga chai. Kisha kwa upole — na huo upole ndio ulioniudhi — akasema michoro ina alama nyingi kwenye mtihani, orodha ya masomo inapelekwa Ijumaa, labda tumwonee huruma binti wa watu, tumhamishie muziki.

Muziki! Kana kwamba kila asiyeona kazaliwa na gitaa. Wakili anataka kusomea tiba ya viungo. Anasema mikono anayo, kilichobaki ni cheti. Bila baiolojia hakuna atakayemfungulia hata mlango.

Nimemwambia mwalimu mwenzangu kesho nitamletea mchoro wenyewe, tuone kama kosa ni la vidole.

Jumanne, 14 Mei

Kosa si la vidole.

Nimeutoa mchoro kabatini asubuhi, kifua mbele. Karatasi nyeupe, nukta nyeupe. Kwa macho huoni kitu cha maana. Nikafumba macho, nikapitisha mkono. Kiwiliwili cha mtu anayekutazama. Ini lake limelala upande wake wa kushoto. Tumbo la chakula liko kulia. Kila kitu kimegeuka!

Nieleze — namweleza nani? Najieleza. Michoro yetu hutobolewa kwa nyuma. Unalaza karatasi juu ya kipande cha mpira, unasukuma nukta upande huu zijitokeze upande ule. Kwa hiyo lazima uigeuze picha kwanza: unainakili kwenye karatasi laini, unaibandika kwenye kioo cha dirisha kinyumenyume, ndipo unaanza. Kila mwalimu wa breli analijua hili. Mimi nimelifundisha! Siku ile sikugeuza. Dada alinipigia simu, ana umbeya wa mpangaji wake, nikaibana simu kwa bega, nikacheka, nikatoboa vilevile picha ilivyo kitabuni. Maneno niliyaandika sawa, kwa sababu mkono umeshazoea kuanza kulia kwenda kushoto. I-N-I, safi kabisa, mahali pasipo na ini.

Sikumpelekea mwalimu wa baiolojia. Alipouliza nikasema sijaupata. Nilisema hivyo nikiwa bado na funguo za kabati mkononi.

Na kwa nini? Kwa sababu ni mimi niliyesimama kwenye kikao cha walimu nikasema mwacheni binti asome baiolojia, michoro niachieni mimi, mkono wangu haukosei. Nikisema leo umekosea, watasema basi, kama mtetezi wake mwenyewe kashindwa, sisi ni nani? Hiyo ni sababu nzuri. Sababu ya kweli ni kwamba naona aibu.

Jumatano, 15 Mei

Wakili hakubishana leo. Na mtu yeyote.

Nilimpa ukurasa asome kwa sauti. Akasoma mstari, akarudi, akausoma tena, kisha akauliza kama amesoma sawa. Hajawahi kuniuliza hivyo tangu nimjue. Nikamwambia sawa. Mdomo ulikuwa wazi, neno lipo palepale. Badala yake nikasema chai yangu inapoa, nikatoka.

Mwoga.

Alhamisi, 16 Mei

Nimefanya ubaya juu ya ubaya. Niandike upesi kabla sijaanza kujipamba.

Jana jioni nilimwambia dada. Akasema, wewe mdogo wangu unapenda sana kujitangazia msiba. Tengeneza mwingine, uuweke palepale, nani atajua? Mtoto atajua ini liko wapi, mtihani atapasi, yamekwisha. Ilinikaa vizuri mno! Leo nikawahi shule kabla ya mfagiaji. Nikautengeneza mpya kwa utaratibu wote, dirishani, nukta zimesimama vizuri, kazi ya kujivunia. Ule wa zamani nikausokomeza chini ya droo.

Wakati wa mapumziko Wakili akaja kuuomba mchoro. Nikampa huo mpya. Akaupapasa. Nilikuwa namtazama usoni alipofika kwenye ini. Vidole vikasimama, vikarudi, vikapita tena. Nilikuwa nimejiandalia la kusema — unaona, ulisahau tu, hutokea. Hata halikuhitajika. "Kumbe," akasema. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, akatoka.

Nilivuta pumzi. Ndiyo, nilivuta pumzi! Nilikunywa na chai.

Mchana mama yake akanipigia. Akaanza kwa kuniomba radhi, eti ananisumbua kazini. Binti yake tangu juzi hataki kusoma nyumbani. Jana alikaa na mikono ndani ya beseni la maji ya moto, anasema vidole vimekufa ganzi. Akaniuliza, kwani mwalimu, vidole vya kusomea huzeeka mapema? Kuna mafuta ya kumpaka? Nikamwambia hapana, mama, vidole vyake ni vizima. Akashukuru. Akanishukuru mimi! Akasema bila mimi mwanawe asingefika hapo alipo.

Kweli tupu.

Ndipo nilipoelewa. Ule mchoro mpya haukumrekebishia ini. Umemthibitishia kwamba hana cha kuamini. Mimi nikitilia shaka macho yangu nitavaa miwani. Yeye akitilia shaka vidole vyake atavaa nini?

Wakati wa kufunga, karani kanipa habari huku anatafuta mwavuli wake: Wakili amekwenda mwenyewe kwa Mkuu wa shule, ameomba aandikwe muziki. Kesho asubuhi anasaini.

Mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na anayekosa ni mtoto wa mwenzangu.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika vipande vipande, hapahapa chumba cha breli, kazi ikiendelea.

Nilimkuta Wakili kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu, fimbo yake nyeupe ameikunja mapajani, anasubiri kuitwa. Nilikuwa na hotuba. Nimeilalia, nimeamka nayo, nimeitia na misemo. Nilipokaa karibu yake ikatoka sentensi moja tu.

"Vidole vyako havikukosea. Nilikosea mimi."

Nikamweleza: simu, bega, kioo cha dirisha, kugeuza. Yote. Na la jana pia, kwamba nilibadilisha karatasi makusudi ili asijue. Hilo lilitoka kwa shida kuliko yote. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono. La jana lilikuwa langu zima zima, nikimtazama usoni.

Akaziomba karatasi zote mbili. Nilikimbia kuzileta — mtu mzima, na viatu hivi! — hata mwalimu wa baiolojia aliyekuwa koridoni alijibana ukutani nipite. Wakili akaziweka mapajani, mkono mmoja kwa kila moja. Mikono ikaanza pamoja shingoni, ikashuka pamoja mabegani, ikaachana kwenye ini. Mmoja ukaenda huku, mwingine kule. Akairudisha juu, akaanza upya.

Nilisubiri alie. Nilisubiri anitukane. Ningeupokea mtusi wowote, ningesema ahsante. Akauliza tu:

"Na mingine?"

Nikasema mingine ipi, na huku naijua. Moyo. Sikio. Jani. Ramani zote za jiografia. Kabati zima ni kazi ya mkono wangu, naye kaisoma tangu kidato cha kwanza, kaihifadhi kichwani kwa sababu kila siku alikuwa ananiamini. Nikatafuta jibu la kumtuliza. Yapo mengi, nimeyatumia kwa wazazi miaka yote. Safari hii nikamwambia sijui. Nikamwambia nikiwa kazini naongea sana na simu, na sikumbuki ni siku zipi niligeuza na zipi sikugeuza.

Akasimama. Hakwenda kwenye mlango wa Mkuu. Akafungua fimbo, akatangulia kuja huku, mimi nyuma yake.

Ndipo tulipo. Yeye anapapasa, anasema kwa sauti anachokishika na kiko upande gani. Mimi natazama kitabu, najibu ndiyo au siyo. Hajaniita Mwalimu tangu tukae.

Sikio — ndiyo. Jani — ndiyo. Nilianza kupata moyo, nikasema huenda ni ule mmoja tu. Akavuta karatasi iliyofuata.

Ramani ya mto. Akasema mto unaanzia milimani, unapinda, unaingia baharini upande wa magharibi. Nikatazama kitabu. Nikatazama tena. Mashariki. Nikasema siyo. Akaiweka ramani pembeni, peke yake, mbali na zile nzuri, akainyoosha kingo kwa kiganja. Muhula uliopita aliandika insha nzima juu ya mto huo. Mwalimu wa jiografia alimkata alama, mimi nikamwambia Wakili aongeze bidii.

Niliyasema hayo. Kwa mdomo huu!

Karani amekuja mlangoni. Mkuu anauliza neno la mwisho ni lipi, baiolojia au muziki, orodha inaondoka mchana. Nikafungua mdomo kumjibia, kama ilivyo desturi yangu. Wakili akaniwahi.

"Mwambie anisubiri. Bado namsahihisha mwalimu."

Karani akanitazama mimi. Nikamwambia ndivyo. Nikaongeza amwambie Mkuu kwamba mimi nitakuja mwenyewe kueleza habari ya ini, na mwalimu wa baiolojia aitwe asikie. Karani amesema sawa, na bado hajaondoka. Amesimama palepale, anataka kuona.

Wa nne ni moyo. Nimeutoa kabatini, nimeushika kwa kingo tu, sitaki kuupapasa kabla yake. Nafikiri nilitengeneza huu wiki moja na ule wa ini. Nafikiri. Wakili amenyoosha mkono, anaungoja mchoro.