Sampu ya Gari la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Kabla hata sijakujulia hali, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote: sampu ya pikapu ya Baba niliifungua mimi. Baba anaamini ni kazi ya Fundi Taratibu, yule mzee wa karakana ya mtaa wa nyuma. Haya, sasa naweza kukusalimu nikiwa nimepumua. Shikamoo kaka. Natumaini u mzima huko kazini. Sisi hatujambo, na Mama anauliza kama unakula vizuri.

Unakumbuka gari lilivyokuwa likivuja oili. Sampu, lile karai la oili chini ya injini, ilikuwa imetoboka kwa kutu, na Baba alikuwa akiziba tundu kwa sabuni ya kufulia, hadi Mama akalalamika kwamba gari linaoga kuliko watu. Juzi sabuni ilichomoka barabarani, makochi ya mteja yakiwa nyuma. Baba akachoka. Akasema lisipopona kufikia Jumamosi jioni, anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Kaka, bila gari hilo tungekula nini?

Jumamosi Fundi alikuja na mkono mmoja umefungwa shingoni, bega limeteguka. Alikuja kuomba radhi tu, kwamba kazi ya sampu hataiweza.  Baba alichukua kofia, akatoka kumtafuta mnunuzi. Tukabaki wawili uani. Unanijua, hata dukani huwa naonyesha kwa kidole. Sijui siku hiyo ulimi ulipata wapi nguvu. Nilimwambia mikono ninayo mimi, yeye atoe maneno. Akaniuliza kama naogopa mende. Nikasema hapana. Akasema basi niingie chini.

Kwanza alinizungusha gari zima nihakikishe magogo yamekaa sawasawa chini ya fremu na mawe yamezuia magurudumu. Tukamwaga oili. Nikafungua nati zinazoshikilia injini, tukainyanyua kidogo kwa jeki yenye ubao juu, maana kuna chuma kinachokatiza chini, na sampu haipiti hapo mpaka injini ipande. Yeye aliketi juu ya ndoo akirudia taratibu mwanangu, taratibu. Bolti ya mwisho kule nyuma haionekani kabisa; niliifungua kwa kupapasa. Sampu ikashuka nusu, ikagoma. Nilivuta mpaka machozi yakanilengalenga. Mzee akacheka, akasema hiyo si mbuzi, haiburutwi. Akaenda mbele, akaizungusha injini kidogo kwa spana, kwa ule mkono mzima. Vyuma vizito vya ndani vilivyokuwa vikiizuia vikapanda juu, na sampu ikanishukia kifuani kama mtoto anayetaka kubebwa.

Mchomeleaji wa jirani aliziba tundu, nikairudisha na gasketi mpya ya kuzuia uvujaji, tukajaza oili. Baba alipofika na mnunuzi, injini ilikuwa ikinguruma na chini pakavu. Mnunuzi akaambiwa aondoke na mzani wake. Baba alimshukuru Fundi, akasema mkono wake mmoja unashinda ya watu wawili. Fundi akanigeukia. Nilitikisa kichwa, nikakimbilia kunawa. Alikubali kunyamaza, ila kwa shingo upande.

Baba amekwishanitafutia nafasi katika duka la nguo la shangazi. Anasema pale patamfaa binti mpole. Nami nashukuru, najua amehangaika. Lakini sikia lililobaki: jana Fundi aliniuliza kama nataka kujifunza kazi karakanani kwake, nami nikasema ndiyo, bila kumuuliza Baba. Tangu hapo natembea nikitabasamu peke yangu. Namshukuru mzee aliyeniamini na spana zake. Nakushukuru na wewe, uliyekuwa ukinijibu kila nilipouliza hiki ni nini, na kile je.

Msalimie wifi, na mtoto umbebe kwa niaba yangu. Ila nakuomba, kaka, Baba akikupigia simu kumsifia Fundi, itikia tu, usimwambie kitu. Baba hajawahi kunisikia nikimwomba jambo lolote. Hili nataka alisikie kwa sauti yangu.

Mdogo wako akupendaye